Kutoka Kilingeni hadi Zahanatini: Historia ya Kutafuta Tiba ya Sonona

Utangulizi

Katika maradhi yote yanayompata binadamu, hakuna yanayofichwa kama maradhi ya moyo. Hatusemi moyo wa nyama unaosukuma damu, bali ule moyo ambao Mswahili huutaja anaposema kwamba moyo wake ni mzito, au kwamba moyo wake hauna raha. Mtu aliyevunjika mguu hutembelewa na jirani zake, naye huwaonyesha mguu bila ya haya. Mtu mwenye homa husema kwamba ana homa. Lakini mtu aliyepotewa na furaha miezi mitatu mfululizo, asiyelala usiku wala kuonja ladha ya chakula, asiyeona sababu ya kuamka asubuhi, huulizwa "Hujambo?" naye hujibu "Sijambo", na mambo huishia hapo.

Maradhi hayo huitwa leo sonona katika hospitali za Tanzania, na ndugu zetu wa Kenya aghalabu huyaita unyogovu. Katika makala haya tumekusudia kueleza jinsi watu wa nchi yetu na za jirani walivyoyatafutia tiba tangu zamani hata sasa. Hatukusudii kufundisha uganga, maana sisi si waganga. Kazi yetu imekuwa ni ya kalamu, mchana ofisini na usiku katika kutunga mashairi. Tumelishika jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, namna taifa linavyowatunza watu wake wenye huzuni ni sehemu ya utamaduni wake, sawasawa na ngoma zake, mavazi yake na lugha yake. Pili, sisi wenyewe tunalo deni katika jambo hili, nalo tutalieleza mbele.

Wako wasemao kwamba sonona ni maradhi ya Wazungu, na kwamba Mwafrika aliyezungukwa na jamaa zake hana nafasi ya kuugua huzuni. Maneno hayo yamekaririwa mara nyingi hata yamekuwa kama kweli. Tutaona kwamba yana historia yake, na kwamba waliotufundisha kuyasema hawakuwa wahenga wetu.

Majina ya Huzuni katika Lugha Yetu

Lugha haikipi jina kitu ambacho wenyewe hawajakiona. Wavuvi wa pwani wana majina mengi ya upepo, na wafugaji wana majina mengi ya rangi za ng'ombe, kwa kuwa vitu hivyo ndivyo maisha yao. Basi na tutazame Kiswahili kina majina mangapi ya huzuni. Kuna huzuni yenyewe, ambayo ni jina la jumla. Kuna majonzi, ambayo aghalabu huandamana na msiba. Kuna simanzi, huzuni imfanyayo mtu anyamaze. Kuna jitimai, kuna ghamu, kuna sikitiko. Kuna kihoro, mshituko wa huzuni ulio mkubwa hata watu husema fulani alikufa kwa kihoro. Tena kuna kitenzi kusonona, yaani kuumia kwa ndani, na humo ndimo lilimotoka jina la maradhi tunayoyazungumza. Watu walioyatunga maneno haya yote hawakuwa wageni wa jambo hili.

Katika mazungumzo ya kila siku mgonjwa huwa hatumii hata moja katika majina hayo. Husema "nina mawazo", au jamaa zake husema "anafikiri sana". Wala si sisi peke yetu. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, ambalo maana yake ni hiyo hiyo ya kufikiri kupita kiasi. Mara nyingine mgonjwa hulisemesha mwili badala ya moyo: kichwa kinawaka moto, kifua kimebana, moyo unakwenda mbio, viungo havina nguvu. Tabibu asiyeijua lugha hii humpa dawa ya kichwa, akamrudisha nyumbani na huzuni yake.

Waandishi wetu pia hawakulipita jambo hili kimya. Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi wa serikali na mshairi, alieleza katika habari za maisha yake jinsi alivyofiwa na mkewe Amina, na shairi alilomwandikia limesomwa na vizazi vya wanafunzi. Hatusemi kwamba alikuwa mgonjwa. Tunasema tu kwamba mtu mzima wa heshima zake hakuona aibu kuiweka huzuni yake mbele ya watu. Hilo ni jambo la kutia akilini.

Tiba ya Wahenga

Kabla ya kuitaja dawa yo yote, yafaa tukumbuke kwamba tiba ya kwanza ya wahenga ilikuwa ni kutomwacha mtu peke yake. Anapofiwa mtu, watu hukaa matanga. Majirani huleta mikeka yao wakalala pale pale msibani. Wengine huteka maji, wengine hupika, wengine huketi tu. Mfiwa haombwi aseme neno. Kisha huja watani. Mtani wa Mzaramo au wa Mnyamwezi ana ruhusa ya kufanya mzaha katikati ya kilio, kumwigiza marehemu, kudai malipo ya ajabu ajabu, mpaka mfiwa mwenyewe acheke naye yungali na machozi usoni. Mgeni huuona utani huo kuwa ni utovu wa adabu, kumbe ni kazi maalumu iliyopangiwa watu maalumu: kumkumbusha aliyezama kwamba kicheko bado kipo duniani.

Hali kadhalika kila rika lilikuwa na mtu wake wa kumwendea. Binti alikuwa na somo au kungwi wake, ambaye kwake aliweza kusema asiyoweza kumwambia mama yake mzazi. Mjukuu alikuwa na bibi na babu. Wazee walikuwa na baraza. Siri iliyomlemea mtu ilikuwa na mlango wa kutokea.

Matanga yakianuliwa na huzuni isianuke, ndipo ulipotafutwa uganga. Katika miji ya pwani palikuwa na njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ile ya kitabu. Mwalimu aliandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, akaiosha kwa maji ya marashi, na mgonjwa akanywa kombe hilo siku kadha wa kadha. Elimu hii ilichanganyika na ile ya tabibu wa Kiarabu na wa Kiyunani, iliyofundisha kwamba huzuni ya muda mrefu hutokana na kuzidi kwa nyongo nyeusi mwilini. Matabibu wa nchi za Kiislamu waliyachukulia maradhi haya kwa uzito: mjini Damascus mwaka wa 1154, na mjini Cairo mwaka wa 1284, zilijengwa hospitali kubwa ambazo ziliwapokea hata wagonjwa wa akili, wakati ambapo katika nchi nyingi za dunia watu wa namna hiyo walikuwa wakifungwa minyororo au kuachwa barabarani.

Njia ya pili ni ngoma ya pepo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa pwani ya Bagamoyo, aliandika habari za pepo na ngoma zake katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa Ujerumani mwaka wa 1903, na wataalamu wengi wamelichunguza jambo hilo baada yake, pwani na bara. Mgonjwa, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke, alianza kwa kukonda, kukosa usingizi, kukaa peke yake na kulia bila ya sababu iliyojulikana. Jamaa zake walimpeleka kwa fundi. Fundi alipiga ramli, akasema kwamba ana pepo, akamwita kilingeni. Humo palifukizwa ubani na udi, ngoma zikapigwa usiku kucha, na pepo akapanda kichwani akaulizwa jina lake na haja yake.

Tuangalie yaliyokuwa yakitendeka pale, bila ya kubishana kwanza kama pepo yupo au hayupo. Mwanamke ambaye mwaka mzima hakuthubutu kumwambia mumewe kwamba amechoka, ametelekezwa, hana hata nguo ya kubadilisha, sasa alisema yote hayo mbele ya ukoo mzima, na hakuna aliyeweza kumlaumu, kwa kuwa msemaji alikuwa ni pepo. Mume alisikiliza na akatoa kilichodaiwa. Tena mgonjwa hakutoka pale kama alivyoingia: aliingizwa katika chama cha wateja wa ngoma ile, watu waliopatwa na yale yale yaliyompata yeye, nao wakawa jamaa zake wapya. Kila mwenzao alipougua, na yeye alikwenda kumwimbia. Aliyetibiwa akawa mtibu.

Lakini haitupasi kuisifu ya kale kwa kuwa ni ya kale tu. Uganga huo ulikuwa na gharama, na familia nyingi ziliuza mbuzi na mashamba kwa ajili ya ngoma ambayo haikuleta nafuu. Tena wako waganga waliomtafuta mchawi badala ya kumtazama mgonjwa, wakamnyooshea kidole bibi kizee jirani. Na hivyo huzuni ya mtu mmoja ikazaa mauaji ya mwingine. Wako pia waliowafunga wagonjwa kamba na kuwapiga ili kumtoa shetani. Utamaduni wetu una vya kurithi, na una vya kuzika.

Enzi ya Ukoloni: Ukuta na Nadharia

Wamisionari wa Kijerumani walianzisha kituo huko Lutindi, katika milima ya Usambara, mwaka wa 1896, kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kituo hicho kiligeuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, nacho kinahesabiwa kuwa miongoni mwa hospitali za kwanza za namna hiyo katika Afrika ya Mashariki. Baada ya Mwingereza kuitwaa Tanganyika, serikali yake ilijenga hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Dodoma, iliyofunguliwa mwaka wa 1927. Hiyo ndiyo Mirembe. Mjini Nairobi palikuwa na nyumba ya wendawazimu tangu mwaka wa 1910, ambayo baadaye iliitwa Mathari. Na Unguja ina Kidongo Chekundu.

Majina hayo yaliingia katika lugha yetu kwa njia mbaya. Mtoto akimtukana mwenzake humwambia, "Wewe ni wa Mirembe." Mombasa na Nairobi husema Mathari, na Unguja husema Kidongo Chekundu. Asili ya tusi hilo ni wazi. Hospitali zile hazikujengwa ili mtu mwenye huzuni azijongee kwa hiari yake. Aghalabu mgonjwa alifikishwa huko na polisi au kwa amri ya hakimu, kwa kuwa alivunja vitu sokoni au alimtishia mtu. Na kusudi la kwanza la serikali lilikuwa ni kulinda amani ya mji. Mama aliyenyamaza pembeni ya jiko lake kijijini hakumsumbua bwana shauri, basi hakuna aliyemtafuta.

Na hapo ndipo lilipozaliwa kosa kubwa. Daktari mmoja wa Kiingereza, J. C. Carothers, aliisimamia Mathari tangu mwaka wa 1938 hadi 1950. Alihesabu wagonjwa wake Waafrika, akaona kwamba wenye sonona ni wachache mno. Badala ya kujiuliza wenye sonona wamebaki wapi, alihitimisha kwamba hawapo. Katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1953, alieleza kwamba Mwafrika hapatwi sana na maradhi haya kwa kuwa hana mazoea ya kujihisi mwenye dhamana na hatia kama Mzungu. Hata alithubutu kuufananisha ubongo wa Mwafrika mzima na ule wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliitumia elimu hiyo hiyo kueleza vita vya Mau Mau, kana kwamba watu waliodai ardhi yao walikuwa na ugonjwa wa nafsi.

Wanafunzi watambue ubaya wa hoja hii. Ni sawa na mtu aliyekaa mlangoni pa gereza, akahesabu watu wanaoingizwa, kisha akatangaza kwamba nchi ile haina watu wema kwa kuwa hakumwona hata mmoja akipita. Lakini nadharia ile ilivaa joho la sayansi, ikafundishwa, ikaaminiwa. Na ajabu ni kwamba baadhi yetu tuliipokea kama sifa: tukajivunia kwamba Mwafrika haugui huzuni. Hatukujua kwamba mwenye kutunyima huzuni alikuwa anatunyima utu.

Kosa Lasahihishwa

Waliolisahihisha kosa hilo walifanya jambo moja jepesi: waliondoka hospitalini wakaenda waliko watu. Margaret Field, mtaalamu wa Kiingereza aliyeishi miaka mingi Ghana, aliwafuata wagonjwa katika matambiko ya Ashanti, na mwaka wa 1960 alitoa kitabu chake. Huko aliwakuta wanawake, wengi wao wa umri wa makamo, waliokuja wenyewe kujishitaki kwamba ni wachawi na kwamba wamewadhuru watoto wao. Alipowachunguza aliona kwamba wengi walikuwa na sonona kali. Hatia ambayo Carothers alisema Mwafrika hana, ilikuwa inamwagwa kila siku mbele ya kuhani.

Nchini Nigeria Thomas Adeoye Lambo, mmoja wa madaktari wa kwanza wa Kiafrika kusomea maradhi ya akili, alianzisha mpango wake katika hospitali ya Aro, mjini Abeokuta, mwaka wa 1954. Wagonjwa hawakufungiwa ndani. Walipangishwa katika nyumba za vijiji vya jirani, kila mmoja pamoja na ndugu yake wa kumpikia na kumwangalia. Asubuhi walikwenda hospitali kupata dawa na mchana waliishi na wanakijiji. Lambo aliwashirikisha hata waganga wa jadi. Uchunguzi uliofanywa huko pamoja na wataalamu wa Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 1963, ulionyesha kwamba dalili za sonona zilikuwa za kawaida miongoni mwa Wayoruba. Lambo baadaye alikuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, lile lile lililokichapisha kitabu cha Carothers. Na katika vijiji viwili vya Uganda, uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 1979 ulionyesha kwamba sonona ilikuwako kwa wingi kuliko hata miongoni mwa wanawake wa mtaa mmoja wa London waliolinganishwa nao.

Dawa Mpya na Njia ya Baada ya Uhuru

Wakati huo huo dunia ilikuwa imepata dawa. Daktari Roland Kuhn wa Uswisi aligundua katika miaka ya 1956 na 1957 kwamba dawa moja, imipramini, iliyokuwa ikijaribiwa kwa maradhi mengine, iliwapa nafuu wagonjwa wa sonona. Nyingine, amitriptilini, ilifuata baada ya miaka michache, na Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka wa 1977, amitriptilini ilikuwamo. Dawa hizi hazileti furaha ya bandia wala si za kulevya. Nguvu yake huonekana baada ya wiki mbili au zaidi, na wengi huziacha katika siku za mwanzo wakidhani hazifai. Mgonjwa ahimizwe asiziache bila ya shauri la daktari, hata akijiona amepona.

Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967, ilitafuta njia yake yenyewe. Vilianzishwa vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa wa akili waliopata nafuu, kama vile Hombolo karibu na Dodoma na Vikuruti nje ya Dar es Salaam, ambako mgonjwa alilima, akafuga, na akajizoeza tena kuishi na watu. Mwaka wa 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, na hivyo uganga wa wazee ukaanza kuchunguzwa badala ya kudharauliwa. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, serikali ilijaribu katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro mpango wa kuiingiza tiba ya akili katika zahanati na vituo vya afya, ili mgonjwa asilazimike kusafiri hadi Dodoma. Baadaye zilikuja sheria: ile ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka wa 2002, na ile ya afya ya akili ya mwaka wa 2008.

Hata hivyo, safari haijafika mwisho. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka wa 2003 uliwapima watu waliokwenda zahanati na wale waliokwenda kwa waganga wa jadi. Kati ya waliokuwa zahanati, 24 katika kila 100 walikuwa na sonona au maradhi ya wasiwasi yanayofanana nayo. Kati ya waliokuwa kwa waganga, idadi ilikuwa 48 katika kila 100. Maana yake ni kwamba watu wenye huzuni wanatafuta tiba, tena wanaitafuta sana, lakini wengi wao bado wanajua mlango mmoja tu.

Sheria nayo ilichangia kuufunga mlango wa pili. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kutoka kwa Mwingereza ilihesabu kujaribu kujiua kuwa ni kosa la jinai. Mtu aliyefikwa na mawazo hayo aliogopa kuyataja, asije akatoka wodini akaingia mahabusu. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo katika sheria zao kinapingana na katiba. Ni jambo linalostahili kufikiriwa na kila nchi iliyorithi sheria hizo.

Deni Letu

Tulisema mwanzoni kwamba tunalo deni. Katika miaka ya 1990 tulikuwa karani kijana katika ofisi moja ya wilaya, ambayo hatuitaji. Humo mlikuwa na mtunza hesabu, mtu wa makamo, hodari, ambaye hati yake ilikuwa nzuri kuliko ya mashine. Alifiwa na mwanawe. Sote tulikwenda matangani, tukatoa rambirambi, tukarudi kazini. Naye alirudi, lakini hakurudi mzima. Alifika saa nne, akafungua jalada, akalitazama ukurasa ule ule hadi adhuhuri. Ukimwuliza, kichwa kilimuuma. Baada ya miezi miwili mkuu wetu aliamuru aandikiwe barua ya onyo kwa uzembe kazini, na aliyepewa kazi ya kuiandika barua hiyo alikuwa ni sisi, kwa kuwa tulikuwa na sifa ya kuandika Kiswahili kizuri. Tuliiandika vizuri. Kila neno lilikaa mahali pake.

Aliyemwokoa mzee yule hakuwa mmoja wetu tuliosoma. Alikuwa tarishi wa ofisi, mama mtu mzima, ambaye baada ya kazi alikwenda kwake, akaketi barazani, akamenya mihogo, akaondoka. Kesho yake alikwenda tena. Siku ya tano au ya sita mzee alimwambia kwamba haoni faida ya kuishi. Mama yule hakumkemea kwa kufuru wala hakumwambia ajikaze kiume. Alimwita dada yake mgonjwa, na watatu wale wakapanda basi hadi hospitali ya mkoa, ambako mganga aliwapokea, akamsikiliza, akampa dawa na tarehe ya kurudi. Mama alihakikisha kwamba anarudi. Ilichukua karibu mwaka. Mzee alirudi katika vitabu vyake, akastaafu kwa heshima.

Siku ya kumuaga tulimwomba radhi kwa barua ile. Alituambia, "Mwanangu, usijilaumu. Niliposoma niliona mmesema kweli. Niliamini kabisa kwamba mimi ni mzembe." Maneno yale yalituchoma kuliko kama angetutukana. Ndipo tulipofahamu kwamba sonona humshitaki mgonjwa ndani ya nafsi yake mchana na usiku, na kwamba sisi wenye kalamu tulikuwa tumeitilia sahihi hukumu hiyo kwa muhuri wa serikali.

Hitimisho

Tukiunganisha mambo haya yote, tunaona kwamba tiba zinazosifiwa leo duniani hazikuanzia mbali na kwetu. Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, wataalamu waliwauliza kwanza wanavijiji wenyewe wanaiitaje huzuni hii. Walijibiwa kwa maneno ya Kiganda yenye maana ya kujichukia na kujihurumia. Kisha watu wa kawaida wa pale pale, wasio madaktari, walifunzwa kuongoza vikundi vilivyokutana mara moja kila wiki kwa wiki 16, kila mtu akieleza msiba wake, ugomvi wake au upweke wake. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2003: baada ya vikundi hivyo, waliobaki na sonona walikuwa chini ya 7 katika kila 100, hali katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walikuwa zaidi ya 54. Mjini Harare, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 na bibi 14 waliofunzwa kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye kufungisisa. Na uchunguzi wa mwaka wa 2016 ulithibitisha kwamba kazi yao inaponya. Somo na kungwi, bibi na mjukuu, chama cha wateja wa ngoma: wahenga wetu wangeyatambua haya yote mara moja. Kilichoongezwa ni elimu, vipimo na dawa, na kilichoondolewa ni kumtafuta mchawi.

Kwa hiyo, walimu, mnapomwona mwanafunzi aliyekuwa mchangamfu akinyamaza, alama zake zikishuka, akisinzia darasani kwa kuwa halali usiku, akiacha mchezo alioupenda, na hali hiyo ikazidi wiki mbili, msiharakishe kuandika neno uvivu katika taarifa yake. Mwiteni faraghani, mkae naye, mmuulize, tena mmuulize kesho. Akitaja kifo, msimwache peke yake na msimwonee haya. Shirikianeni na jamaa zake mumfikishe zahanati au hospitali, ambako maradhi haya yanajulikana na yana dawa. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akiwaambia siri hiyo, si usaliti kumtafutia mtu mzima wa kumsaidia. Na ikiwa ni wewe mwenyewe uliyelemewa, semea lo lote ulilo nalo, hata likiwa ni kichwa tu kinachouma. Lakini sema, tena kwa zaidi ya mtu mmoja ikiwa wa kwanza hakukusikia.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo huelekezwa kwa mgonjwa siku zote, kana kwamba kosa ni lake peke yake. Sisi tungependa ielekezwe pia kwetu tulio wazima, maana mtu hufunua maradhi yake pale tu anapojua kwamba hatachekwa. Taifa lililotunga maneno mengi kiasi kile ya kuitaja huzuni haliwezi kushindwa kupata moja la kumwitikia mwenye huzuni.